Mkono wa Mwalimu Sikujua

Muyaka bin Haji alipofariki mnamo 1840, mashairi yake yalisalia vinywani mwa watu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya baadaye, akayaandika kwa hati za Kiarabu na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor. Karatasi zikafika London. William Hichens akaitoa diwani mwaka 1940, na jina lililokaa jaladani ni lake, si la Sikujua. Leo baadhi ya miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS husomwa kwa intaneti, hata Mombasa kwenyewe. Husomwa, au hutazamwa tu? Hati hizo za kale, kwa kawaida, hazikutofautisha e na i, wala o na u. Waliyaandikiwa waliokwisha kuyahifadhi moyoni, asiyeyahifadhi hubahatisha.