Galileo Galilei: Mwanasayansi Aliyeandika kwa Lugha ya Umma

Tarehe 22 Juni 1633, katika nyumba ya watawa ya Santa Maria sopra Minerva mjini Roma, mzee wa miaka 69 alipigishwa magoti mbele ya mahakama ya Kanisa Katoliki iliyosimamia masuala ya imani. Alisomewa hukumu. Kisha akapewa waraka ulioandikwa tayari, akausoma kwa sauti yake mwenyewe: kwamba anaikana na kuilaani fikra ya kuwa jua limetulia na dunia ndiyo inayolizunguka. Mzee huyo alikuwa Galileo Galilei. Masimulizi hudai kwamba alipoinuka alinong'ona kuwa dunia inazunguka vivyo hivyo, lakini wanahistoria hawajapata ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo. Wala hakuwa na haja ya kunong'ona. Yote aliyotaka kuyasema alikuwa ameshayachapisha mwaka uliotangulia, tena kwa lugha iliyosemwa sokoni na bandarini.

Galileo alizaliwa Pisa, nchini Italia, tarehe 15 Februari 1564. Babaye, Vincenzo Galilei, alikuwa mwanamuziki aliyezoea kuning'iniza vizito kwenye nyuzi na kusikiliza sauti zilivyobadilika, badala ya kuridhika na yaliyoandikwa na wakale. Mwaka 1581 Vincenzo alichapa kitabu kuhusu muziki kwa muundo wa mazungumzo, kwa Kiitaliano. Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mwana naye alikuja kuyapima mambo kwa mikono yake, akaandika mazungumzo, na akaandika kwa Kiitaliano.

Mwaka huohuo wa 1581 Galileo alijiunga na chuo kikuu cha Pisa kusomea udaktari, akaondoka mwaka 1585 bila shahada. Hisabati ndiyo iliyokuwa imemteka. Alirudi kuifundisha hapo mwaka 1589, na kuanzia 1592 hadi 1610 akaifundisha Padua, chini ya Jamhuri ya Venice. Nyakati hizo lugha ya elimu kote Ulaya ilikuwa Kilatini. Asiyekijua Kilatini, hata angekuwa na akili kali namna gani, alibaki nje ya mlango wa chuo.

Ilikuwa imefundishwa kwa karne nyingi, kwa kumfuata Aristotle, kwamba kitu kizito huanguka kwa kasi zaidi kwa kadiri ya uzito wake. Hadithi ya Galileo kudondosha vizito kutoka mnara wa Pisa ilisimuliwa na mwanafunzi wake Viviani, na wanahistoria wengi huitilia shaka. Jaribio lisilo na shaka ni jingine, nalo ni la unyenyekevu zaidi. Galileo alichukua ubao mrefu, akauchonga mfereji, akaulainisha, akauinamisha kidogo, kisha akaviringisha gololi ya shaba ndani yake. Hakuwa na saa ya kupimia muda mfupi kiasi hicho. Aliacha maji yatiririke kutoka chomboni kwa mchirizi mwembamba, akayapima uzito yale yaliyokusanyika. Alieleza kwamba alirudia hata mara 100. Akagundua kuwa umbali huongezeka kwa kipeo cha pili cha muda: muda ukiwa mara 2, umbali huwa mara 4, muda ukiwa mara 3, umbali huwa mara 9. Kanuni ya mwendo wa vitu vyote viangukavyo ilipatikana kwa ubao, gololi na maji.

Mwaka 1609 habari zilimfikia kwamba Uholanzi kumeundwa kifaa kinachosogeza vya mbali karibu. Alisugua vioo vyake mwenyewe, na baada ya miezi michache akawa na darubini ya kukuza takriban mara 20. Akaielekeza mbinguni. Mwezi, uliosemekana kuwa tufe laini lisilo na ila, ulikuwa na milima na mabonde. Ukanda mweupe wa usiku ulikuwa nyota zisizohesabika. Tarehe 7 Januari 1610 aliona vinyota vitatu karibu na Mshtarii; kufikia tarehe 13 vilikuwa vinne, navyo vilibadilisha mahali kila usiku. Vilikuwa miezi ya sayari hiyo. Basi si kila kitu mbinguni kiliizunguka dunia. Mwishoni mwa mwaka huo akaona kwamba Zuhura nayo hukua na kupungua kama mwezi, jambo lililoonyesha kuwa sayari hiyo hulizunguka jua.

Habari za miezi ya Mshtarii alizitoa Machi 1610 kwa Kilatini, kwa kuwa alitaka wasomi wa Ulaya nzima wazipate upesi. Ni wazi basi kwamba lugha hiyo hakuishindwa. Ndiyo maana uamuzi wake uliofuata una uzito. Mwanzoni mwa mwaka 1612 padri Mjerumani Christoph Scheiner, kwa jina la kujificha, alichapa barua za Kilatini akidai kwamba madoa yaliyoonekana juani ni nyota zinazolizunguka. Galileo alimpinga, akionyesha kuwa madoa yamo juani penyewe au karibu nalo sana, na kwamba jua hujizungusha. Lakini alijibu kwa Kiitaliano, na barua zake zikachapwa Roma mwaka 1613.

Sababu aliieleza katika barua kwa rafiki yake Paolo Gualdo mwaka 1612. Alisema anaandika kwa lugha ya umma kwa kuwa anataka kila mtu aweze kumsoma. Aliwaona vijana wengi wakipelekwa vyuoni bila kipawa cha elimu, ilhali wenye kipawa wamebaki katika kazi na shughuli za nyumbani, wakidhani kwamba vitabu vizito haviwahusu. Hao alitaka watambue kuwa maumbile yaliyowapa macho ya kuona yamewapa pia akili ya kuelewa.

Pingamizi lilikuwepo, nalo halikuwa la kipuuzi. Anayeandika kwa lugha ya watu wake huenda akajifungia na wasomi wa mbali wasimfikie. Scheiner mwenyewe hakukijua Kiitaliano, ikambidi asubiri tafsiri. Lakini yaliyotokea baadaye yanajibu sehemu ya hoja hiyo. Kitabu kikuu cha Galileo, kilichochapwa Florence kwa Kiitaliano mwaka 1632, kilitafsiriwa kwa Kilatini na kuchapwa Strasbourg mwaka 1635. Wasomi walipoyataka maarifa, waliyafuata yalipokuwa.

Kitabu hicho ni mazungumzo ya siku nne baina ya watu watatu: Salviati, anayetetea mwendo wa dunia; Simplicio, mfuasi wa Aristotle; na Sagredo, mwungwana wa Venice anayetaka kuelewa. Nadharia yenyewe haikuwa mpya. Copernicus aliichapa kwa Kilatini mwaka 1543, na Kanisa lilisimamisha kitabu chake mwaka 1616, ambapo Galileo naye alionywa na Kardinali Bellarmine asiitetee. Mwaka 1623 rafiki yake akawa Papa Urban VIII, na Galileo akaona upenyo. Aliruhusiwa kuijadili kama dhana tu. Badala yake aliandika kitabu kinachoshawishi, kinachochekesha, na kinachosomeka na mfanyabiashara na nahodha. Tena hoja aliyoipenda Papa akaitia kinywani mwa Simplicio, mshindwa wa mjadala. Matokeo yake ni magoti yale ya Juni 1633.

Haki inadai kusema kwamba hoja aliyoithamini mno kitabuni humo ilikuwa na kosa. Alidhani maji ya bahari hujaa na kupwa kwa sababu ya mwendo wa dunia, akawabeza waliosema kuwa mwezi unahusika. Mvuvi yeyote wa Lamu au Pemba, ajuaye kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, angeweza kumsahihisha. Mkubwa naye hukosea, na lugha inayoeleweka na wengi hurahisisha kumkosoa.

Galileo alimaliza maisha yake kifungoni nyumbani kwake Arcetri, nje ya Florence. Bintiye mpendwa, mtawa Maria Celeste, alifariki mwaka 1634. Macho yaliyoiona miezi ya Mshtarii yakapofuka. Hata hivyo, mwaka 1638 kitabu chake cha mwisho kilichapwa Leiden, Uholanzi. Humo mna jaribio la ubao na gololi, pamoja na sayansi ya uimara wa vitu. Mazungumzo yake ya Kiitaliano yanaanzia katika karakana ya kuundia merikebu ya Venice, ambapo Sagredo anakiri kwamba kuzungumza na mafundi kumemsaidia mara nyingi katika uchunguzi wake. Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642. Mazungumzo ya 1632 yalibaki katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku hadi 1835, na mwaka 1992 Papa John Paul II alikiri kwamba waliomhukumu walikosea.

Hoja ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi husikika mara kwa mara, hata katika kumbi za vyuo vikuu. Kiitaliano cha mwaka 1612 nacho hakikuwa na kamusi ya fizikia. Galileo alipoyaona madoa juani aliyaita madoa, kwa neno lilelile la doa la nguo, akaendelea kupima. Kiswahili kina Zuhura na Mshtarii, kina bamvua na maji mafu, kina mafundi wenye majina ya kila kipande cha jahazi. Anayesubiriwa ni mwanasayansi atakayekaa na mafundi hao, apime, kisha aandike.