Lugha ya Nyumbani na Ndugu Zake

Hapa Lubarika, katika bonde la Ruzizi, sisi makatekista tunafundisha kwa Kiswahili. Ni vema, maana Kiswahili chatuunganisha na majirani, nacho ni kimojawapo cha lugha nne za taifa letu. Lakini nyumbani wazee wetu husema Kifuliiru, na watoto wengi huwajibu kwa Kiswahili.

Kifuliiru si yatima. Kusini, ufukoni mwa Tanganyika, kuna Kivira. Kaskazini kuna Kishi, na mbele yake Kihavu cha Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Upande wa Mwenga kuna Kinyindu, na Bunyakiri kuna Kitembo. Hizo ni ndugu zake. Ng'ambo ya mto kuna Kirundi, naye ni jamaa. Sikilizeni: tunaposema «watu», Mfuliiru husema abandu, Mshi abantu, Mrundi pia abantu. Na maji? Amiiji kwa Mfuliiru, amishi kwa Mshi, amazi kwa Mrundi. Je, aliye na masikio atakosa kuutambua ukoo? Basi, tangu vita vya mwaka 1996 vitutawanye, tusimchukie mtu kwa sababu ya matamshi yake.

Wengine hudai kwamba lugha ndogo haina sarufi. Si kweli. Mwaka 2011 Karen na Roger Van Otterloo walitoa vitabu viwili vikubwa juu ya Kifuliiru tu. Irabu ikivutwa huandikwa mara mbili, kama katika jina la lugha yenyewe.

Lakini kuna sababu iliyo kubwa kuliko vitabu. Tunapowatembelea wagonjwa, mama mzee akiulizwa kwa Kiswahili hujibu «ndiyo», kwa heshima tu. Tukimtaja Mungu kwa jina la Rurema, hufungua macho na kutueleza yaliyomo moyoni: deni, ugomvi wa shamba, mtoto aliyepotea. Mtaguso wa Vatikani uliruhusu lugha za watu katika ibada mwaka 1963, kusudi waelewe na kujibu. Watoto wetu wasipojua Kifuliiru, nani atamsikiliza mama huyo?

Wazazi, hatusemi mwache Kiswahili. Mtoto aweza kubeba lugha mbili, hata tatu. Jioni, motoni, wasimulieni hadithi kwa Kifuliiru, na wakijibu kwa Kiswahili, waombeni kwa upole wajibu tena.