Mshale Huanzia Ardhini

Kazi niliyoifanya tangu ujana hadi kichwa kikaota mvi ni ukalimani. Nilizaliwa Mang'ola, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Mama yangu ni Mnyisanzu, na Wanyisanzu wameishi jirani na Wahadzabe, watu wa uwindaji, kwa vizazi vingi, wakibadilishana nao nafaka, asali na hata kuoana. Kwa wajomba zangu nilicheza na watoto wa Kihadzabe, nikaishika lugha yao pamoja na vidoko vyake kabla sijajua kwamba siku moja ingenilisha.

Watafiti walipozidi kuja, na watalii wakafuata, alihitajika mtu wa kukaa katikati. Nikawa mtu huyo. Nimewatafsiria waliokuja kupima chakula, kurekodi lugha, kuhesabu hatua za wawindaji na kuuliza juu ya ndoa. Maswali yao yalibadilika kila mwaka. Kitu kimoja hakikubadilika: kila kambi niliyofika, wanaume walikuwa wameketi chini ya mti wakitengeneza mishale. Nami nilipomaliza kazi niliyolipwa, niliketi nao.

Mwalimu wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa kambi za milimani, upande wa bonde la Yaeda. Nilimwita babu, naye aliniita mwanangu, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Siku ya kwanza nilipomwomba anifundishe upinde, hakunipa upinde. Alisimama, akachukua shoka, akaniambia, "Twende, mwanangu." Tukatembea asubuhi nzima tukipita miti mingi ambayo mimi niliona inafaa. Kila niliponyoosha kidole alitikisa kichwa. Hatimaye tulifika kwenye mteremko wenye mawe, akaushika mti ambao Wahadzabe huuita mutateko, ule ambao wataalamu wa mimea huuandika Dombeya kirkii. Alipapasa tawi moja kuanzia chini hadi juu, akitafuta kifundo. Alipokosa kifundo ndipo akakata.

Tawi hilo huambuliwa gome, huchongwa kwa kisu, hupashwa moto na kunyooshwa au kupindwa pale panapohitajika, kisha huachwa likauke. Ncha zote mbili huchongwa ziwe nyembamba kuliko katikati. Ugwe hutokana na kano za mnyama mkubwa, zinazotafunwa au kulowekwa zikalainika, zikasokotwa na kuvutwa zikauke zikiwa zimekaza. Upinde ukiisha hukaribia kimo cha mwenyewe, wakati mwingine ukampita. Watafiti waliozipima pinde hizo walikuta nyingi zinadai nguvu ya kilo 30 na zaidi ili zivutwe sawasawa. Nimewaona vijana wa kigeni wenye vifua vipana wakiupokea upinde wa babu na kushindwa kuuvuta hata nusu. Babu mwenyewe, mwembamba na mfupi, aliuvuta kwa mgongo na mabega, akauachia papo hapo. Hakukaa na mshale umevutwa. Alikuwa ameshapima kwa macho kabla mkono haujasogea.

Mshale una mambo mengi zaidi ya upinde. Mti wake mara nyingi ni mkole, kichaka chenye vijiti virefu na vyembamba ambacho matunda yake wanawake na watoto huyala msimu ukifika. Kijiti kibichi hakinyooki chenyewe. Nilitazama mikono na mdomo wa babu akifanya kazi hiyo, nami nitaieleza kama nilivyoiona. Alikigeuza kijiti juu ya makaa mpaka gome likaanza kutoa harufu. Akakitoa, akaling'ata lile pindo kwa meno ya pembeni, akakivuta taratibu kwa mikono miwili. Akakiinua usawa wa jicho, akachungulia kuanzia upande wa manyoya hadi upande wa chembe. Akakirudisha motoni. Alirudia hivyo bila haraka na bila kuacha kuzungumza, mpaka kijiti kikawa hakina pindo hata moja. Baadaye alikikwangua kwa kisu, akakata mahali pa kuingizia ugwe, akafunga manyoya ya tai kwa ukano uliolowa mate. Ukano ukikauka hujikaza wenyewe.

Mishale ya Wahadzabe si ya aina moja, na mwindaji hatoki kambini bila kuchagua. Kwa ndege, pimbi na wanyama wengine wadogo kuna mshale ambao ncha yake ni mti wenyewe uliochongwa ukawa mkali. Kuna mshale wa chembe kipana cha chuma, usio na sumu, unaoua kwa jeraha na kumwaga damu. Tena kuna mshale wa sumu, wenye chembe chembamba chenye ndoano, uliokusudiwa pofu, tandala, nyati, punda milia na twiga. Tembo hawamwindi, kwani wenyewe husema sumu yao haimwezi.

Chuma hakitoki porini. Wahadzabe huwafuata wahunzi wa Kidatoga wenye mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakapeleka asali au ngozi, wakarudi na vyembe. Wengine hupata misumari mikubwa na kuifua wenyewe juu ya jiwe, bila moto, mpaka ikawa bapa. Nimeketi sana katikati ya mhunzi na mwindaji nikiwatafsiria pale ambapo Kiswahili chao kiliishia njiani. Mhadzabe hukipima chembe kwa ukucha, huitazama shingo yake, hukirudisha kama kimepinda. Mhunzi naye huijua asali iliyotiwa maji kwa kuionja tu. Ni biashara ya watu wanaoheshimiana.

Sumu nayo ina nchi yake. Iko panjube, itokanayo na Adenium, mti mfupi wa shina nene na maua mekundu yanayofanana na waridi, unaostawi penye mawe na jua kali. Utomvu wake huchemshwa mpaka ukawa mzito na mweusi. Iko pia shanjo, itokanayo na mbegu za Strophanthus eminii. Zote mbili huushambulia moyo. Mwindaji huipaka chini ya ncha, kisha huizungushia ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke na isimguse mtu kwa bahati mbaya. Huufungua ukanda huo pale tu anapokaribia mawindo.

Ni madaktari wachache wanaowatibu wagonjwa wa moyo wanaojua kwamba wanadaiwa shukrani na wawindaji wa Afrika. John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi na ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alihifadhi sumu ya mishale mahali pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alionja uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Sumu hiyo ilitokana na ndugu wa shanjo. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza, na strofanthini ikaingia katika dawa za moyo za Ulaya. Babu nilimsimulia habari hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi walitukuta tunajua."

Nimefuatana na wawindaji mara nyingi, na mara zote nilikuwa nyuma, nikikanyaga walipokanyaga. Mwisho wa kiangazi, maji yakibaki katika madimbwi machache, wanaume huvizia karibu na maji usiku, wakiwa wawili wawili kwa sababu simba na fisi nao wanakunywa hapo hapo. Mchana mtu hutoka peke yake, upinde na mishale vikiwa katika mkono mmoja.

Jioni moja mtoto wa babu alikubali nimfuate. Aliona nyayo za swala pala kwenye mchanga, akainama, akachukua vumbi kidogo na kulidondosha kuona upepo unaelekea wapi. Tulizunguka mbali. Alivua ndala, akaziacha chini ya mgunga. Kuanzia hapo alikwenda hatua moja, akasimama mpaka dume lililokuwa ukingoni likainamisha kichwa kula, akaenda nyingine. Alipofika kama hatua ishirini aliufungua ukanda wa ngozi kwa meno. Sikuona akivuta. Nilisikia ugwe, na swala wote wakaruka kwa pamoja.

Mimi nilitaka kukimbia. Yeye aliketi chini. Akatoa tumbaku, akawasha kiko, akavuta polepole. Kisha akaenda mpaka mahali dume lilipokuwa limesimama, akaokota mti wa mshale uliovunjika, akaunusa, akaonyesha kwa kidole jinsi damu ilivyopakaa. Chembe kilikuwa kimebaki ndani. Mnyama akifukuzwa hukimbia mbali. Akiachwa, husimama, hulegea, hulala. Tukarudi kambini giza likiingia, naye hakusema neno juu ya swala mpaka watu wote wameketi.

Alfajiri tuliondoka watu kadhaa, na mbwa mmoja. Wazee walisoma ardhi kwa sauti ya chini: hapa amevuta mguu wa nyuma, hapa amelala akaamka, hapa majani yamekatwa lakini hayakuliwa. Tulimkuta chini ya kichaka, tai wakiwa tayari wanazunguka juu. Walikata na kutupa nyama iliyolizunguka jeraha, na iliyobaki ililiwa bila shida yoyote. Kambi nzima ilipata. Aliyepiga hakupata zaidi kwa sababu alipiga, wala hakuna aliyemsifu. Kwa mnyama mkubwa zaidi, baadhi ya sehemu huwa ni za wanaume waliotimia peke yao, na hapo mkalimani hana la kutafsiri. Nilijua kuondoka.

Jambo jingine lililonichukua muda kulielewa ni lukuchuko, mchezo wa kamari wa wanaume. Vipande vya gome, kimoja cha kila mchezaji na kimoja kikuu, hurushwa vigonge mti. Ambaye kipande chake kimelala upande uleule na kile kikuu, peke yake, ameshinda. Dau lake kubwa ni mishale ya chuma. James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambaye mwaka 1970 British Museum ilichapisha kitabu chake juu ya vifaa vyao, alieleza vizuri maana ya mchezo huo. Vitu visivyopatikana kila mahali, kama chuma na sumu, husafiri kwa kamari kutoka kambi moja hadi nyingine. Lakini upinde wa mtu, mishale yake isiyo na chuma na mfuko wake wa ngozi haviwekwi dau. Mtu anaweza kupoteza vyote vya ziada. Hapotezi uwezo wa kujilisha kesho.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mshale mmoja wa Mhadzabe una mkole wa bondeni, sumu ya miamba, manyoya ya ndege wa angani, ukano wa mnyama wa mbugani na chuma cha jirani. Ukiondoa kimoja, mshale haukamiliki. Katika maisha yangu nimeona vichaka vya mkole vikifyekwa kuwa mashamba, miti ya milimani ikikatwa kwa mkaa, na mifugo ikimaliza majani karibu na madimbwi ambako swala walikuwa wakinywa. Nimewaona wavulana waliopewa upinde tangu wanajifunza kutembea, kama ilivyo desturi, wakikua bila kupata mnyama mkubwa wa kujifunzia.

Nimeona pia uwezekano wa kulinda. Mwaka 2011, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000. Nakumbuka babu alivyoishika nakala ya karatasi ile. Hakuweza kuisoma. Aliniuliza kama mteremko ule wenye mutateko umo ndani. Mchoro ulionyesha kwamba umo. Akairudisha, akaendelea kukwangua mshale.

Babu sasa ametangulia, na wanawe wanaendelea kuwinda. Kwa wageni wanaokuja saa moja, wakapiga picha, wakanunua upinde na kuondoka, ombi langu ni hili: kaeni kidogo, ulizeni mti ulikatwa wapi na sumu ilitoka kilima gani. Kwa halmashauri za vijiji vya Eyasi na Yaeda, na kwa maofisa wa ardhi wanaochora mipaka, ninaomba zaidi. Msigawe ardhi ile mkidhani haina mtu kwa sababu haina nyumba wala shamba. Kabla ya kutia sahihi, mwiteni mwindaji mmoja, mtembee naye asubuhi moja, awaonyeshe anakokata mishale yake. Mpaka uchorwe baada ya hapo.