Mfuga Maji

Mtu wa pwani huweza kuiacha bahari, walakini bahari haimwachi. Huenda naye bara katika usemi wake, katika mapishi yake na katika ndoto zake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja mzaliwa wa Bagamoyo, aliyeolewa Kilosa na mfanyakazi wa reli, akazeeka huko chini ya milima, mahali palipoinuka kadiri ya mita 490 juu ya usawa wa bahari. Miguu ilipokataa kazi, desturi yake ikawa kukaa barazani akisikiliza treni. Reli mpya ya umeme ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ikapita Kilosa na kuifanya Dar es Salaam kuwa jirani, kwake habari hiyo ilikuwa kama karamu isimuliwayo kwa mgonjwa asiyeweza kula. Mwanawe, mwalimu wa shule, akaazimia jambo: ikiwa mama hawezi kwenda baharini, basi bahari itakuja kwa mama.

Fundi akamuungia tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30. Tangi la namna hiyo huchukua lita 54 za maji. Mwalimu alilichagua dogo kwa sababu alikuwa mwanagenzi wa kazi ile, naye alidhani kwamba kitu kidogo ni kazi ndogo. Kosa hilo ni la wengi. Maji mengi hubadilika polepole kama mzee; maji machache hubadilika upesi kama mtoto. Jua la mchana mmoja huyapasha moto, na mzoga wa samaki mmoja huyaharibu yote. Aanzaye na kidogo sharti awe mwangalifu kuliko aanzaye na kikubwa.

Kosa la pili lilikuwa la chumvi. Mwalimu alikuwa amesoma kwamba lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kadiri ya gramu 35. Akapiga hesabu, akapata gramu 1,890. Akanunua chumvi ya jikoni, akaikoroga katika maji ya bomba, akamwita mama ashuhudie. Mama akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," alisema, "huu ni mchuzi usio na samaki. Bahari ina uchungu."

Hakusema kwa kubahatisha. Utotoni mwake Bagamoyo alikuwa ameona watu wa mashamba ya chumvi wakikusanya chumvi nyeupe na kumwaga maji machungu yaliyosalia. Elimu inakubaliana na ulimi wake. Maji ya bahari yanapokaushwa na jua, chokaa na jasi hutangulia kutuama. Kisha hufuata chumvi ya chakula. Na sehemu kubwa ya magnesi hubaki ndani ya maji machungu yamwagwayo. Kwa hiyo chumvi ya dukani ni sehemu ya bahari, wala si bahari. Ipo chumvi itengenezwayo viwandani kwa ajili ya matangi, yenye viungo vyote kwa vipimo vyake, lakini bei yake ilimshinda mwalimu.

Ikambidi kutafuta maji yenyewe. Ndugu yake alikuwa dereva wa lori katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya. Barabara hiyo haifiki Kilosa mjini. Hupita Mikumi, baada ya kuikata mbuga ya wanyama kwa kadiri ya kilomita 50. Basi mwalimu alikwenda kungoja Mikumi kando ya barabara, akapokea madumu matatu ya lita 20 kila moja, pamoja na ndoo yenye samaki wawili wadogo wenye milia myeusi. Walikuwa wamevuliwa katika kidimbwi cha mwambani maji yalipokupwa, mbali na visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ambavyo vililindwa kuwa maeneo tengefu tangu mwaka 1975. Mzigo ule ukapandishwa basi mpaka Kilosa. Usiku huohuo maji yakamiminwa katika tangi, na samaki wakatiwa ndani. Mama aliinamisha uso, akavuta harufu, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiyo yenyewe."

Siku ya nne samaki mmoja aliogelea kwa ubavu. Siku ya tano wote wawili walikuwa wamekufa. Mama hakulia wala hakulaumu; aliomba kanga tu, tangi lifunikwe. "Sikuomba bahari ije kuzikwa nyumbani kwangu," alisema. Mwalimu alikuwa amezoea kusahihisha makosa ya watoto wa watu. Siku ile hakujua la kwake lilikuwa wapi.

Alilijua Mikumi. Alikuwa amewapeleka wanafunzi wake katika Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, wakasimama mbele ya bwawa la viboko. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, viboko hawa hujisaidia humohumo majini. Mbona samaki wa humo hawafi?" Swali lile lilimchoma. Jibu lake ni kwamba mara nyingine hufa. Katika Mto Mara, watafiti walieleza mwaka 2018 jinsi samavi ya viboko ikirundikana katika mabwawa inavyomaliza hewa ya majini, na mto ukifurika ghafla, maji hayo huua samaki wa chini. Penye kiasi lakini, tope na mawe yana watumishi wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kula uchafu na kuugeuza.

Watumishi hao ndio waliokosekana katika tangi la Kilosa. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake kila saa. Baharini sumu hiyo hutawanyika. Tangini humrudia mwenyewe. Bakteria wa namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, na ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853. Ilipita miaka karibu 40 kabla Sergei Winogradsky hajawatambulisha bakteria hao kwa ulimwengu. Mwalimu hakuwa mjinga peke yake.

Alianza upya. Akapokea tena maji Mikumi, na pamoja nayo konzi ya mchanga wa pwani na mawe yenye matundu, si matumbawe hai, bali mawe ya kale yachimbwayo ardhini kwa kujengea nyumba. Akatia kipande cha kamba kioze, akawasha pampu ya kutia hewa, na kuweka nyingine ya betri kwa ajili ya siku za umeme kukatika. Kisha akangoja. Kila jioni alidondosha matone ya dawa ya kupimia, akaandika rangi iliyotokea. Amonia ilipanda, ikashuka. Nitriti ikapanda nyuma yake. Maji yalipopungua kwa jua, aliongeza maji ya mvua mpaka alama yake, wala hakuongeza maji ya bahari. Maana maji huruka na chumvi hubaki. Majirani walicheka kwamba mwalimu anafuga mawe. Juma la sita, amonia na nitriti vilikuwa vimetoweka.

Ndipo alipotia kaa mmoja mdogo aishiye katika kombe la konokono. Majuma mawili baadaye alitia samaki mmoja tu, wa jamii isiyozidi urefu wa kidole hata ukubwani, kwa kuwa wale wenye milia hukua wakapita kadiri ya tangi kama lile.

Mwezi ulipotimia na samaki angali hai, mama aliiondoa kanga kwa mkono wake. Akachovya kidole, akaonja. "Uchungu upo," alisema, akaomba kiti chake kisogezwe karibu.

Afugaye ng'ombe hutazama ng'ombe. Afugaye samaki wa bahari sharti ayatazame maji kwanza, na katika maji awatunze wale asiowaona. Maana samaki ni mgeni, na mgeni haalikwi katika nyumba ambayo haijawa tayari. Mapenzi ya mwalimu kwa mama yake yalikuwa makubwa tangu siku ya kwanza, lakini mapenzi yenye haraka yaliua samaki wawili. Yalipojifunza kungoja majuma sita mbele ya maji matupu, yaliweza kumpa mama kitu kilicho hai.