Tulipokwenda Garissa Kutazama Nyumba

Njia ya kutoka Mombasa hadi Garissa hupitia Malindi, Garsen na Hola, na kuanzia Garsen huambatana na Mto Tana, ingawa msafiri huuona mto wenyewe kwa nadra. Tulisafiri watatu: mume, mke, na shangazi yetu aliyelelewa Garissa na anayekijua Kisomali. Kazi ilikuwa imetuhamishia huko, nasi tulikwisha choka kulipa kodi. Akiba yetu ilikuwa ya miaka kumi na mmoja, pamoja na dhahabu ya harusi tuliyokwisha iuza.

Kabla ya safari tuliandika daftarini tunayoyataka: vyumba vitatu, tangi la maji, msikiti wa karibu. Tuliandika pia kwamba choo kisielekee kaskazini wala kusini, kwa kuwa Garissa, kama ilivyo Mombasa, kibla chake ni kaskazini karibu barabara. Orodha nzuri, lakini yaliyo mazito hayakuwamo.

Dalali alitutembeza asubuhi mapema, na asubuhi ya Garissa humhadaa mgeni. Shangazi akatushauri turudi saa nane mchana. Nyumba ya kwanza, iliyotupendeza kwa rangi yake, ilikuwa na bati tupu bila dari. Hatukuweza kukaa sebuleni hata robo saa. Kuta zilizopigwa na jua kutwa huendelea kutoa joto usiku, ndiyo maana watu wengi hulala uani miezi ya joto. Basi ua huko ni chumba cha kulala, si mahali pa kuanikia nguo tu. Tukainua macho: ghorofa ya jirani ilikuwa ikiutazama ua wote. Sitara ya wanawake ingekuwa wapi? Hili halikumpitikia mwanamume yeyote kati ya waliokuwapo, na wa kwetu akiwamo.

Nyumba ya pili ilikuwa bondeni, bei nafuu ajabu. Rangi ilikuwa mbichi, lakini kuanzia magotini kwenda chini ilikuwa imeanza kuvimba na kubanduka. Shangazi alimsalimu mama wa nyumba ya pili yake, wakazungumza Kisomali, kisha yule mama akaupima ukuta kwa kiganja: maji yalifika hapa. Mwezi wa Novemba 2023 mto ulifurika, na ukafurika tena Aprili na Mei 2024, hata barabara ya kuelekea Madogo ikakatika. Mvua ya kutisha si ile inyeshayo Garissa. Ni ile ya nyanda za juu, Mlima Kenya na Aberdare, ijazayo mabwawa ya Masinga na wenzake. Yakifurika, maji huteremka mpaka mlangoni chini ya anga jeupe. Wazee walituusia kumuuliza jirani kabla ya nyumba. Tuliona faida yake siku hiyo.

Ya tatu ndiyo tuliyoipenda. Kiwanja kilichoinuka, ua uliositirika, mwarobaini mkubwa katikati. Tukaomba karatasi. Haikuwa hati miliki, bali barua ya ugawaji wa kiwanja, kama zilivyo karatasi za viwanja vingi mjini humo, nayo ilikuwa na jina la marehemu baba wa muuzaji. Muuzaji alikuwa mwana mkubwa, kijana mwenye adabu. Tukamuuliza kama mirathi imegawanywa. Akanyamaza. Tukauliza kama ana dada. Akasema wawili, wameolewa mbali.

Dalali alitusihi tutoe arbuni, asije mwingine akatutangulia. Mambo ya ndugu, alisema, watayamaliza wenyewe. Tulikesha tukibishana, hatuoni haya kusema. Mmoja wetu alihofia kuikosa nyumba, mwingine alihofia kusali ndani ya haki ya mtu. Asubuhi tulimwambia kijana kwamba hatutoi hata shilingi mpaka kadhi aainishe warithi na mafungu yao, na kila mmoja wao atie sahihi. Hakukasirika. Akatupa nambari ya simu ya dada yake mkubwa.

Tulimpigia. Hakuwa na habari kwamba nyumba ya baba yao inauzwa. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama mwarobaini ungalipo. Tukamwambia upo, na kwamba tulikuwa tumeketi kivulini mwake.