Nafasi ya Balozi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Toleo jipya la OpenMRS, mfumo wetu wa kumbukumbu za wagonjwa, lina marekebisho ya usalama, kwa hiyo halingoji. Nimeandika git pull kwenye kompyuta ya majaribio, Git, inayotunza historia ya msimbo, ikagoma: yanayokuja yangefuta niliyobadilisha. Imefanya vizuri kugoma. Faili lenyewe ni fomu ya kusajili wagonjwa, na mabadiliko yetu ni mistari michache tu, inayoongeza nafasi ya kuandika jina la balozi wa nyumba kumi.

"Kaka, hiyo nafasi ya balozi usije ukaitoa," sista wa kliniki ya kifua kikuu ameniambia. Dozi ni ya miezi sita. Mgonjwa akiacha kuja mwezi wa tatu na simu haipatikani, anayejua kahamia wapi ni balozi.

Jumanne, 4 Machi

Kabla ya kugusa chochote nimehifadhi tofauti zote kwenye faili la pembeni kwa git diff, nikalinakili kwenye flashi. Kisha git stash, git pull, git stash pop. (Stash haichukui mafaili mapya ambayo Git haijayajua, mpaka uongeze -u. Wengi huumizwa hapo.)

Mgongano umetokea palepale nilipotarajia. Juu ya mstari wa ======= kuna fomu ya wenye mradi, simu imehamishiwa sehemu ya mawasiliano. Chini kuna yetu, simu na balozi chini ya anwani. Kijana wa mafunzo alitaka tuchague upande mmoja tumalize. Hapana. Nimechukua mpangilio wao, nikamweka balozi chini ya simu, nikafuta alama za mgongano, tukasajili mgonjwa wa kubuni hadi jina likaonekana kwenye ripoti. Pakiwa na mgongano, Git haitupi kilichowekwa stash. Nimekiondoa baada ya jaribio hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Stash ni ya kuwekea kitu kwa muda. Kitu ambacho kliniki inakitegemea kinastahili tawi lake na maelezo yake. Nimefungua tawi la "kituo", nikafanya commit na kuandika nani aliiomba nafasi hii na kwa nini, ili atakayekuja baada yangu asiione kama takataka. Linus Torvalds aliitengeneza Git mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, ambako watu wengi hushika mabadiliko yao huku msimbo wa pamoja ukisonga mbele. Sisi tunahitaji hilohilo, kwa udogo wetu.

Rebase ingeipanga historia vizuri zaidi, lakini inaandika commit upya, na kijana naye anachukua kazi kwenye tawi hili. Tutatumia merge.

Mabadiliko yetu mengine, nembo na rangi, yabaki hapa. Nafasi ya balozi nitaipeleka kwa wenye mradi, iwe ya hiari kuiwasha. Eldoret, Kenya, ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuutumia mfumo wa OpenMRS, nao umekua kwa mahitaji ya kliniki kama za huko. Hili nalo ni hitaji la kliniki, walipokee.