Kula likizo nje bila kuuza ng'ombe

Ukitaja likizo ya nje ya nchi kijiweni pale Sinza au Mwenge, washikaji wote wanawaza Dubai. Wakijibana sana ni Zanzibar, ambayo nayo wakishashuka kwenye boti wanajifanya wametoka Bongo! Halafu wanashusha pumzi, maana mshahara wenyewe unakata tarehe 15. Mwenye mke na watoto watatu ndiyo kabisa, hata kuota anaogopa.

Sasa mpenzi msomaji, njoo huku kwetu Ngara na Biharamulo. Ng'ambo ya huku si Ulaya. Ng'ambo ni ng'ambo ya mto, basi.

Mto wenyewe ni Kagera, ambao unapokea maji ya Ruvubu kisha unajitupa kwenye maporomoko ya Rusumo. Juu yake kuna daraja lililojengwa kwa msaada wa Japani, ambalo Rais Magufuli na Rais Kagame walilizindua Aprili 2016. Kutoka hapo hadi Kigali ni kama kilomita 160. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,300. Hata kwenda Bukoba, makao makuu ya mkoa wetu wenyewe, mtu wa Ngara inabidi azunguke Biharamulo na Muleba mpaka makalio yafe ganzi. Kwa hiyo ukikuta familia ya mkulima wa kahawa imekula likizo nje ya nchi, usidhani imeuza shamba. Imekwenda karibu tu.

Wa Biharamulo anaanzia mbali kidogo, anapita Lusahunga na Nyakahura hadi Benaco. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kuandika wosia kwanza, mabasi yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa porini. Siku hizi mapori yale ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu 2019, na abiria wanasinzia midomo wazi.

Tulikwenda watu watano: mama, shangazi, wadogo zangu wawili na mimi. Bajeti ilikuwa laki tano, hela ya maharage na mgawo wa mama kutoka kikundi chao cha kuweka na kukopa. Siku tatu, malazi mawili. Nauli haikuwa kichwa cha habari. Kinachomeza hela za familia ni makaratasi, na hapa naomba usiruke mistari.

Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2018 iliwekewa bei ya shilingi 150,000. Zidisha mara tano: laki saba na nusu, na hamjala hata andazi! Wengi wanakatia tamaa hapo. Lakini Uhamiaji wanatoa pia hati ya dharura ya safari, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya pasipoti, na kwa safari fupi ya jirani inatosha. Kila mtoto na hati yake, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa viandaliwe mapema. Mtoto anayekwenda na shangazi tu, wazazi wamwandikie barua ya idhini. Viza hakuna, sisi ni Afrika Mashariki. Ila usidanganywe kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha. Huo mpango wa kuvuka kwa kitambulisho ni wa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wao kwa wao, Tanzania haimo.

Kuna mjanja mmoja wa hapa Ngara alituambia tunapoteza hela, njia za panya zimejaa. Mama alimtazama tu. Mtu wa wilaya hizi hachezi na karatasi. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni kama mtu na mdogo wake, kwa hiyo kuulizwa "wewe raia wa wapi?" ukiwa nchini kwako ni jambo tulilokua nalo. Mwaka 2013 ilipopita Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, kuna watu hapa walilala macho wakitafuta cheti cha ubatizo cha babu. Sasa uvuke kwa panya kwenda kula raha, halafu urudi ukutane na askari, utamweleza nini? Kwa akina sisi mhuri ule wa mpakani ni zaidi ya mhuri. Mdogo wangu wa darasa la sita hati yake ameiweka kwenye fremu, karibu na picha ya kipaimara.

Haya, tuvuke. Pale Rusumo ofisa wa huku na wa kule wanakaa jengo moja, unagongewa mara mbili kwenye foleni moja. Wanaweza kukupima joto pia, maana homa ya Marburg ilitokea Rwanda mwaka 2024 na Januari 2025 ikatangazwa Biharamulo kwetu. Zote mbili zilikwisha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Sisi tuliipiga marufuku 2019, wenzetu tangu 2008, na hawana utani nayo. Ukishavuka, magari yanahamia kulia na saa inarudi nyuma saa nzima. Shangazi alishangilia kwamba amepunguza umri.

Badilisha hela kwenye duka la kubadilishia fedha, si kwa kijana anayekukimbilia. Mwaka 2024 faranga moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi mbili, hesabu rahisi hata kwa mama.

Kigali kwenyewe raha nyingi ni za bure, ukijua kupanga. Jumapili mbili kila mwezi wanafunga barabara kubwa asubuhi, magari yanakaa pembeni, watu na watoto wao wanakimbia katikati ya lami. Wadogo zangu walikimbia mpaka wakakaa chini. Usiku mnakwenda kutazama kuba la ukumbi wa mikutano linavyowaka taa za rangi, bure. Gesti tulichukua ya masista, safi, vyumba viwili, geti linafungwa mapema. Kwa hiyo wewe wa kujirusha hiyo haikufai. Chakula cha mchana ni melanje: wali, ndizi, maharage, viazi, mboga, unajaza sahani mara moja tu. Hakuna kurudi, kwa hiyo sahani za watu ni vichuguu!

Pikipiki ndiyo hazifai kwa familia. Kule ni abiria mmoja na kofia yake, hakuna mshikaki, kwa hiyo watu watano ni pikipiki tano. Pandeni basi. Na msifike Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi, ni siku ya umuganda, kazi za pamoja, usafiri unasimama mpaka saa tano hivi.

Soko la Kimironko mama alinunua kitenge kwa Kihangaza chake. Muuzaji akamuuliza anatoka kilima gani. Mama akasema, "Ng'ambo." Wakacheka wote wawili, bei ikashuka.

Siku ya mwisho mama alitaka Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari. Kuingia ni bure. Wadogo tuliwaacha nje na shangazi, si mahali pa watoto. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Mama alikuwa msichana Ngara tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu kama robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja na Benaco ikageuka mji wa mahema. Aliuza maji kwenye foleni ile. Miaka yote amekuwa akituhadithia wale watu na miili iliyokuwa ikipita mtoni, lakini kule walikotoka hakuwahi kukuona. Alitembea polepole, akisoma majina. Nilipomuuliza kama tutoke, alisema bado.

Wenye hamu ya kuunganisha Burundi kwa kupitia Kabanga, ulizieni kwanza. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya barabara na Rwanda, kwa hiyo ule mzunguko wa Ngara, Bujumbura, Kigali msiupange kwa mazoea.

Na kurudi, kumbukeni saa. Saa kumi na moja jioni ya Kigali ni kumi na mbili ya kwetu. Ukifika Rusumo muda huo Hiace za Ngara zinaanza kuwa za kuwinda. Sisi tulipata moja, mama akakaa mbele na kitenge chake mapajani.